Namna ya Kuandaa Kipindi cha Mjadala wa Kero za Jamii Redioni: Mwongozo Kamili kwa Watayarishaji wa Kigoma

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watayarishaji na watangazaji wa kujitolea katika redio za jamii mkoani Kigoma, ambao wamekuwa wakianzisha kipindi cha mjadala kwa hamasa kubwa, kikasikilizwa wiki tatu za mwanzo, kisha kikageuka kuwa saa nzima ya salamu, hotuba ya mgeni na simu za watu wale wale wawili. Nimeshiriki kuandaa vipindi vya aina hiyo na vingine vimenishinda. Kila nilipokaa kuchunguza nilikuta kwamba kosa halikutokea hewani. Lilitokea siku kadhaa kabla, pale mada ilipochaguliwa ikiwa pana kiasi kwamba hapakuwa na mtu mmoja aliyewajibika kuijibu.

Hatua zilizo hapa chini zinahusu kipindi cha dakika 60 kinachorushwa mara moja kwa wiki, chenye mtangazaji, mtayarishaji na fundi mitambo. Mkiwa wawili mtaweza, ila mtangazaji asipokee simu mwenyewe huku anahoji, kwa sababu hataifanya vizuri hata kazi moja kati ya hizo mbili.

## Vinavyohitajika

- Kinasa sauti kidogo, au simu janja yenye programu ya kurekodi, pamoja na sponji au kitambaa kizito cha kuzuia upepo.
- Vipaza sauti vitatu studioni na hedifoni kwa kila anayeketi mezani, mgeni akiwemo.
- Mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti, yenye njia ya kuingizia simu. Kifaa maalumu cha kuunganisha simu kikikosekana, tumia waya unaotoka kwenye simu hadi kwenye mikisa. Kuishika simu mbele ya kipaza sauti hakufai hata siku moja.
- Simu mbili zenye laini tofauti, zote zikiwa na salio la kutosha.
- Betri au inveta ya akiba kwa studio na kwa mtambo wa kurushia, ikiwa mtambo huo uko mahali pengine.
- Kompyuta au flashi ya kurekodi kipindi chote tangu mwanzo hadi mwisho.
- Karatasi zenye nembo ya kituo, na muhuri, kwa ajili ya barua za mwaliko.
- Daftari gumu la kuandikia yale ambayo wageni wanaahidi hewani, litakaloitwa daftari la ahadi. Kati ya vyote hivi ndilo lenye bei ndogo, na ndilo linalokosekana katika studio nyingi nilizowahi kuingia.

## Hatua ya 1: Andika swali moja, usiandike mada

“Changamoto za maji katika mkoa wetu” ni mada. Mgeni akiisikia anafurahi, kwa kuwa anaweza kuizungumzia saa nzima bila kugusa kisima chochote. Linganisha na swali hili: “Pampu ya kijiji imesimama tangu masika yaishe. Ni nani mwenye wajibu wa kununua kipuri, na fedha ambazo wananchi wamekuwa wakilipa kwa kila ndoo zimehifadhiwa wapi?” Hapo hakuna pa kujificha, na msikilizaji wa Ilagala anaelewa kinachozungumzwa sawasawa na wa Mwandiga.

Pima swali lako kwa njia tatu kabla ya kulikubali. Kwanza, taja cheo cha mtu anayeweza kulijibu. Ukitaja “serikali” au “wahusika”, rudi ukaandike upya. Pili, jiulize kama jibu lake linaweza kuwa tarehe, kiasi cha fedha, jina la ofisi, au ndiyo na hapana. Tatu, msomee swali hilo mtu asiyefanya kazi redioni, mathalani mama anayeanika dagaa au dereva wa bodaboda pale kijiweni, kisha umwombe alirudie kwa maneno yake mwenyewe. Akikwama, wasikilizaji nao watakwama.

Ili ujue nani anawajibika, inabidi uufahamu mfumo. Kwa huduma ya maji vijijini, Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 iliunda RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na kuweka vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo ndivyo vinavyokusanya fedha za watumiaji na kusimamia matengenezo ya kila siku. Kwa hiyo, kumwita diwani peke yake ajibu habari za kipuri ni kumwonea, na ni kumpa mwanya wa kusema jambo hilo haliko mikononi mwake. Kwa fedha za kijiji, mahali pa kuanzia ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Swali la “mkutano wa mwisho ulifanyika lini?” ni fupi, lakini limewahi kufungua mjadala wa dakika 40.

Utajua hatua hii imekamilika pale swali lako litakapoenea katika mistari miwili ya daftari, na pembeni yake kukawa na vyeo vya watu wasiozidi watatu.

## Hatua ya 2: Nenda mahali penyewe ukarekodi

Usimwite mgeni kabla hujafika mahali kero ilipo. Mtangazaji anayeuliza kuhusu pampu ambayo hajaiona huwa anakubali jibu lolote, kwa kuwa hana cha kulinganishia.

Nenda asubuhi na mapema. Ukienda mwaloni, kwa mfano Kibirizi au Katonga, utakuta mitumbwi iliyolala majini imerudi, wanunuzi wamejaa na kila mtu ana haraka. Subiri hadi dagaa wamwagwe vichanjani, ndipo watu wanapopata muda wa kuongea. Upepo wa ziwani unaharibu sauti kuliko kelele za watu. Simama nyuma ya kibanda au jenga kinga kwa mwili wako, funika kipaza sauti, kiweke umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni mwa anayezungumza, na usimkabidhi akishike mwenyewe. Injini ya boti ikiwashwa, nyamaza na ungoje.

Mwambie kila mtu kwamba sauti yake itasikika redioni, siku gani na saa ngapi, kisha muulize kama anakubali jina lake litajwe. Wapo watakaokubali sauti na kukataa jina, na hiyo ni haki yao. Wasalimie kwanza inavyostahili. Mzee uliyemwamkia “shikamoo” kabla ya kutoa kifaa mfukoni atakupa dakika kumi, lakini yule uliyemsogezea kipaza sauti usoni bila salamu atakwambia hana la kusema.

Uliza mambo yanayoonekana na kuhesabika: ndoo unainunua kwa kiasi gani, unapewa risiti, mara ya mwisho maji yalitoka lini, ulimwambia nani, alikujibu nini. Epuka “unajisikiaje” na “una maoni gani”, kwa sababu majibu yake hufanana kijiji hadi kijiji. Kabla ya kuondoka, rekodi sekunde 30 za mahali hapo bila mtu kuzungumza. Utazihitaji wakati wa kuunganisha sauti.

Unachotafuta ni sauti tatu au nne, kila moja isiyozidi sekunde 40, zinazolieleza swali lako bila wewe kuongeza maelezo. Ukijikuta unalazimika kuandika aya nzima ya utangulizi ili sauti hizo zieleweke, hujapata ulichofuata. Rudi.

## Hatua ya 3: Waalike wageni kwa barua, mapema

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na sababu ni kwamba wanaalika kwa simu siku moja kabla. Mtumishi wa halmashauri hawezi kuja kusema redioni bila ruhusa ya mkuu wake, na kumlaumu kwa hilo hakusaidii. Peleka barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa habari, angalau siku saba kabla ya kipindi. Andika humo swali lenyewe kama lilivyo, utaje saa, muda wa kipindi, na wageni wengine watakaokuwepo. Gonga muhuri, na uhakikishe nakala yako imesainiwa mapokezi pamoja na tarehe.

Kwa nini umpe swali mapema? Kwa sababu shabaha yako ni jibu, wala si kumvizia mtu. Afisa aliyepewa wiki moja hana tena nafasi ya kusema “nitalifuatilia”. Ukihitaji nyaraka ambazo ofisi haitaki kuzitoa, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoipa ofisi ya umma hadi siku 30 kujibu ombi la maandishi. Siku 30 ni nyingi kwa kipindi cha kila wiki, kwa hiyo tumia njia hiyo kwa masuala unayoyaandaa kwa muda mrefu.

Mezani waketi wageni wawili, wasizidi watatu: anayewajibika kujibu, anayeishi na kero, na ikibidi, mtu anayeelewa utaratibu. Niliwahi kuweka wageni watano kwa tamaa ya kuwaridhisha wote. Utambulisho na salamu zao vilimaliza dakika 14, na mwananchi niliyemtoa kijijini kwa boti alipata nafasi ya kusema mara moja tu.

Tahadhari mbili. Kwanza, usipokee bahasha ya “nauli” kutoka kwa ofisi unayokwenda kuihoji, hata ikiwa ndogo. Pili, ofisi ikikataa kuja, usiahirishe kipindi. Mweleze msikilizaji kwamba barua ilipelekwa tarehe fulani, ikapokelewa, na mgeni hakufika. Useme mara moja, kwa sauti ya kawaida, bila kejeli. Mara nyingi simu kutoka ofisi hiyo huingia kabla kipindi hakijafika nusu.

## Hatua ya 4: Gawa dakika zako, na chagua saa kwa busara

Mgawanyo ninaoutumia ni huu: dakika 2 za kufuatilia ahadi ya wiki iliyopita, dakika 5 za sauti za mtaani na swali, dakika 15 za kumhoji mgeni anayewajibika, dakika 8 za mwananchi na mgeni kujibizana, dakika 22 za simu na ujumbe, dakika 5 za kuandika ahadi hewani, na 3 zinazobaki ni za matangazo na dharura. Ubandike karatasi hiyo mahali ambapo fundi mitambo anaiona.

Kuhusu saa ya kipindi, kumbuka kwamba sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi huku tukitumia saa zile zile za Dar es Salaam. Jua la Kigoma linazama karibu na saa 1 jioni, na kipindi cha saa 11 jioni kinamkuta mkulima angali shambani. Saa 1:30 usiku inafaa zaidi kwa wakulima. Wavuvi wa dagaa saa hiyo wameshaingia ziwani na taa zao, kwa hiyo mada inayowahusu ipange siku za mbalamwezi, wanapokuwa nchi kavu wakishona nyavu. Wakati Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, wavuvi walikuwa nyumbani na maswali yao yalikuwa mengi. Kituo ambacho hakikubadilisha ratiba yake kilipoteza miezi mitatu ya wasikilizaji waliokuwa tayari.

## Hatua ya 5: Jaribu studio nusu saa kabla

Kila mtu akae umbali wa ngumi moja hadi mbili kutoka kwenye kipaza sauti, kidogo pembeni ya mdomo, ili pumzi isipige moja kwa moja. Mwombe mgeni aeleze alivyosafiri kufika hapo, kwa sauti yake ya kawaida, huku fundi akirekebisha. Akihesabu “moja, mbili, tatu” ataongea kwa sauti ambayo hataitumia tena. Kipimo cha sauti kikigusa nyekundu kila neno, punguza. Simu zote za mkononi zitoke mezani, kwa sababu zinapotafuta mtandao huingiza ule mlio wa “ti-ti-ti” hewani.

Piga simu ya majaribio. Mpigaji anatakiwa kumsikia mtangazaji vizuri, lakini asirudishiwe sauti yake mwenyewe. Akirudishiwa, fundi aiondoe njia ya simu kwenye sauti inayopelekwa kwa mpigaji. Hilo ndilo linaloleta mwangwi na mluzi.

Sasa suala la bipu. Wasikilizaji wengi hawana salio, na mwenye salio hataki kulimaliza akisubiri foleni. Tangaza kwamba mtu abipu au atume ujumbe wenye jina na mahali alipo, kisha mtayarishaji ampigie kwa simu ya pili. Faida yake ni kubwa kuliko gharama ya vocha. Mtayarishaji anapata nusu dakika ya kumuuliza anataka kusema nini, kumwomba azime redio iliyo karibu naye, na kumkumbusha asitaje majina ya watu kwa tuhuma. Vituo vyetu vidogo havina mashine ya kuchelewesha sauti kwa sekunde chache, kwa hiyo mazungumzo hayo mafupi ndiyo ulinzi wako pekee.

## Hatua ya 6: Uliza mpaka upate ofisi, tarehe au kiasi

Anza na sauti za mtaani, kisha swali. Usianze na wasifu wa mgeni. Anapojibu, sikiliza kama jibu lina mojawapo kati ya vitu vitatu: ofisi, tarehe au kiasi. Kikikosekana, uliza tena kwa ufupi na kwa heshima ile ile. Mfano:

— Serikali inaendelea kufanya jitihada kubwa, na niwaombe wananchi wawe na subira.

— Ahsante, Mheshimiwa Diwani. Mama tuliyemsikia mwanzoni ameuliza habari ya kipuri. Kimeshaagizwa au bado?

— Mchakato unaendelea.

— Leo hii mchakato huo uko katika ofisi gani?

— Uko kwa fundi wa wilaya. Anasubiri bei kutoka kwa muuzaji.

Angalia kilichotokea. Mtangazaji hakupandisha sauti, hakumwita mtu mwongo, na “mchakato” umepata anwani. Ukitaka kumkatiza mgeni anayerefusha, taja cheo chake kwanza, shukuru, halafu uliza. Wengi hunyamaza wanaposikia wanatajwa. Usijaze ukimya. Sekunde nne bila sauti redioni zinatisha, lakini mara nyingi mgeni ndiye anayezimaliza, na anachokisema hapo huwa na uzito.

Lugha nayo ina mtego wake. Masharti ya utangazaji nchini yanataka Kiswahili au Kiingereza, lakini bibi wa Buhigwe anaweza kuanza Kiswahili na kumalizia Kiha bila kujua. Usimkate wala usimcheke. Msikilize amalize sentensi, ufupishe kwa Kiswahili alichosema, kisha umuulize: “Bibi, nimekuelewa sawa?”

## Hatua ya 7: Jambo likiharibika hewani

Mpigaji akitukana, fundi ashushe sauti papo hapo na mtangazaji aombe radhi kwa sentensi moja, bila kurudia tusi ili kulieleza. Akimtuhumu mtu kwa jina kwamba ameiba, sema wazi kuwa hiyo ni tuhuma ambayo kituo hakijaithibitisha, uulize alichokiona kwa macho yake, na aliyetajwa apewe nafasi ya kujibu katika kipindi hicho hicho au kinachofuata.

Katika mkoa wetu kuna neno moja ambalo halipaswi kuachwa lipite, nalo ni kumwita mtu “si raia” ili kumnyamazisha. Mjadala wa ardhi ukipamba moto, hasa vijiji vya mpakani na karibu na kambi za wakimbizi, neno hilo hutoka haraka, na madhara yake kwa familia inayotajwa hubaki muda mrefu baada ya kipindi. Mkate mpigaji, umweleze kwamba uraia hauamuliwi kwa simu, urudi kwenye swali.

Mtoto, yaani mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, asitajwe jina, shule wala kitongoji katika habari za ukatili. Mpigaji akianza kusimulia kisa cha namna hiyo, mtoe hewani kwa upole, mtayarishaji aendelee naye kwa simu ya pili, na umwelekeze kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi au namba 116, ambayo hupigwa bila malipo.

Umeme ukikatika, usikimbilie kuanza mazungumzo upya unaporudi. Rudia swali, sema mlipofikia, endelea.

## Hatua ya 8: Funga kwa kuandika ahadi, kisha ifuatilie

Dakika tano za mwisho, mtangazaji afungue daftari la ahadi na asome hewani anachokiandika. Andiko zuri lina mambo manne: cheo cha aliyeahidi, maneno yake, tarehe ya kukagua, na nani atakagua. Kwa mfano: “Fundi wa wilaya ataleta bei ya kipuri kwa mwenyekiti wa chombo cha maji kabla ya Ijumaa ya tarehe 14. Atakayekagua: mtayarishaji, Jumamosi asubuhi.” Mwulize mgeni kama umeandika sawasawa. Akirekebisha, andika marekebisho yake; tarehe aliyoisogeza mwenyewe mbele ya wasikilizaji itakuwa vigumu kuisogeza tena.

Usiku huo huo hifadhi rekodi ya kipindi kizima mahali pawili, ukiipa jina lenye tarehe na swali. Masharti ya leseni yanataka kumbukumbu, na siku mtu akidai amenukuliwa vibaya hutakuwa na kingine cha kujitetea nacho.

Siku ya kukagua, nenda au piga simu kijijini kwanza, ndipo uulize ofisi. Kilichokutwa kisemwe katika zile dakika mbili za mwanzo wa kipindi kinachofuata. Ahadi ikitimizwa, sema hivyo waziwazi na umtaje kwa cheo aliyeitimiza. Isipotimizwa, ipe ofisi wiki moja zaidi na utangaze tarehe mpya. Ikipita tena, waarifu kwa barua kwamba utacheza rekodi ya ahadi yenyewe, na siku hiyo uicheze bila maelezo. Sekunde 20 za sauti ya aliyeahidi zinatosha. Usiongeze neno, fungua simu.